Jinsi ya Kumdai Mfalme Neno Lake

Burundi haina mfalme tangu tarehe 28 Novemba 1966, lakini mtu wa Bujumbura hakosi mfalme wa kumsema. Wapo walio hai, wa nchi za watu, tunaowaona kwenye simu. Wapo na waliokwisha kufa, wa kwetu na wa wageni, ambao bado tunaishi na majina yao: mgonjwa wa Buyenzi anapelekwa hospitali ya Prince Régent Charles, yule ndugu wa mfalme wa Ubelgiji, na mwenye shughuli mjini anapita barabara ya Prince Louis Rwagasore. Kumkosoa mtu wa nasaba ya kifalme ni kazi tunayoifanya karibu kila jioni, na wengi wetu tunaifanya vibaya. Tunacheka kilemba chake, tunahesabu wake zake, tunazungumza mpaka brosheti zinapoa mezani, na kukicha mfalme hajaulizwa hata swali moja. Mwongozo huu ni wa kumuuliza.

Anza na daftari. Kila duka la mtaani Buyenzi lina daftari la mikopo, aghalabu daftari la shule lenye jalada lililolegea na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikapotea. Ndani yake huoni tusi. Unaona jina, tarehe, kilo ya sukari, nusu lita ya mafuta, na mstari uliokatwa siku mdeni alipolipa. Mwenye duka anaweza kumchukia mteja kupita kiasi, lakini hamwandiki kuwa ni mtu mbaya. Anaandika sukari, kwa sababu sukari ndiyo atakayoidai. Ahadi ni deni, na mfalme anayehubiri anakopa mbele ya umati. Basi andika alichosema, lini, na mbele ya nani. Mkabala wake andika alichofanya. Kama upande wa kwanza ni mtupu, yaani jambo hilo hakuwahi kuliahidi wala kuwaamrisha wengine, huna la kumdai hapo hata kama linakukera. Geuza ukurasa.

Tujaribu kwa Mwambutsa IV Bangiricenge. Alitawazwa Desemba 1915 akiwa bado mtoto mdogo, nchi ikaongozwa kwanza na watu wa ukoo kwa niaba yake, na alikaa kwenye kiti cha ufalme kwa nusu karne. Mtaje mbele ya watu wa makamo wa mji huu, utasikia habari za starehe tu: magari, muziki, kumbi za usiku za Usumbura (ndivyo Bujumbura ilivyoitwa wakati huo), wanawake. Sifa hiyo imeingia hata katika vitabu vya historia. Ni habari tamu kusimulia, na katika kesi ya kumdai mfalme ndizo habari dhaifu kuliko zote. Mwambutsa hakupanda jukwaani kuwahimiza Warundi walale mapema.

Alichowaahidi ni kingine. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na Oktoba mwaka huohuo nchi ikapata katiba ya ufalme wa kikatiba: mwami, yaani mfalme, juu ya vyama, bunge la kuchaguliwa na watu. Mei 1965 watu walipiga kura. Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge. Mwami akamfanya Waziri Mkuu Léopold Biha, ganwa mwenzake, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, aliyekuwa katibu wake binafsi. Septemba mwaka uleule ikatoka amri ya kupunguza komini kutoka 181 hadi 78, na wakuu wa komini, ambao walikuwa wakichaguliwa, wakawa wa kuteuliwa na kuwajibika kwa kasri. Watu walikuwa wameambiwa kura yao ndiyo itakayoamua. Walipokwisha kuipiga, jibu likatoka kasri. Hapo ndipo pa kuweka kidole. Gari la mwami lilikuwa lake, lakini kura ilikuwa ya mkulima wa Muramvya.

Na gharama yake tunaijua. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba 1965 maofisa wa Kihutu wa jeshi na wa jandarmeri walijaribu kupindua serikali. Biha alijeruhiwa vibaya, mwami akanusurika, na siku chache baadaye akaondoka nchini kupitia Kongo hadi Ulaya, akawa anatawala kwa barua kutoka Geneva. Huku nyuma kisasi kikaanza. Émile Bucumi, aliyekuwa Spika wa Bunge, na Joseph Bamina, Rais wa Seneti na Waziri Mkuu wa zamani, waliuawa kwa risasi kabla mwaka haujaisha, pamoja na wanasiasa wengine wengi wa Kihutu, na vijijini wakauawa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Simsemi Mwambutsa kwamba ndiye aliyefyatua kila risasi. Ninasema kwamba kuvunja neno kwa mtawala si jambo la kuchekea tukiwa na chupa mkononi, na anayelichekea anawakosea waliokufa.

Hatua inayofuata inakuhusu wewe, mkosoaji. Nchi yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kuwasema wakubwa, nao ni ubushingantahe. Mtu hakuamka tu asubuhi akajiita umushingantahe. Majirani walimchunguza kwa miaka: anakunywaje, anasemaje, akipewa siri anaiweka wapi, mali ya jirani anaiangaliaje, nyumbani kwake kukoje. Wakiridhika, walimvika cheo hicho mchana kweupe, naye akala kiapo mbele ya kilima kizima, huku akiwanywesha wageni pombe aliyoiandaa mwenyewe. Mkewe alihusika katika heshima hiyo na katika mzigo wake. Shauri likiletwa, wazee walikaa chini, kila upande ukasikilizwa, mwenye kusema akaigonga ardhi kwa fimbo yake, na wenzake wakanyamaza mpaka amalize. Kisha walijitenga kando kushauriana, wakarudi na neno moja. Mabaraza ya namna hiyo yalikuwapo kuanzia kilimani hadi kwa mwami mwenyewe. Na umushingantahe aliyekwenda kinyume cha kiapo chake alivuliwa cheo, hadharani vilevile alivyovikwa.

Ninalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina siri ambayo wakosoaji wa siku hizi tumeipoteza. Neno la umushingantahe lilikuwa na uzito kwa kuwa kipimo alichokitumia kwa mwingine kilikuwa kimeshatumika kwake. Wakoloni walimpunguzia nguvu kwa mahakama zao, serikali zilizofuata zikagawa cheo hicho kwa watu wao, na Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulipotaka kifufuliwe, kilikuwa kimekwisha kuchakaa. Hata hivyo kanuni yake ungali unaweza kuitumia bila ruhusa ya wizara yoyote. Kabla hujamdai mfalme kodi, lipa yako. Kabla hujamuuliza kwa nini anateua ndugu zake, angalia orodha ya watu uliowaajiri dukani kwako. Haikulazimu uwe malaika. Inakulazimu usiwe na deni la aina ileile unayoidai, na kama unalo, mwachie mwingine asimame kusema, wewe ukae na wasikilizaji.

Hata mwami wa zamani alibanwa na desturi ya kutangulia. Katika Umuganuro, sherehe ya mbegu, yeye ndiye aliyeanza kula mtama, ngoma takatifu Karyenda ikiwapo, ndipo nchi ikaruhusiwa kupanda. Sherehe hiyo ilikoma mnamo 1929 kwa shinikizo la wamisionari na la utawala wa Kibelgiji, na pamoja nayo ikaondoka siku moja ya mwaka ambayo nchi ilimwona mtawala akifanya kwanza yeye kile anachowaagiza wengine.

Sasa, kuandika. Ukitaka mfano wa barua ya kumdai mfalme, usiutafute mbali. Uko upande wa pili wa ziwa, ukivuka misitu mpaka Kisangani, mahali palipoitwa Stanley Falls. Julai 1890 alikuwapo pale Mmarekani mweusi, George Washington Williams: mwanajeshi tangu ujana, mchungaji, mwanasheria, mbunge wa jimbo la Ohio, mwandishi wa historia ya watu weusi wa Marekani. Mwaka uliotangulia alikutana na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kuvutiwa naye. Leopold wakati huo alikuwa bingwa wa kuhubiri. Alikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa, uliotia saini mkataba wake tarehe 2 Julai 1890. Kongo, alisema, aliichukua ili kuwaokoa watu wake. Na wasomaji wa Kiswahili tunajua jambo ambalo wahudhuriaji wengi wa mkutano ule hawakupenda kulitaja: mwaka 1887 huyohuyo adui wa utumwa alimteua Tippu Tip wa Zanzibar, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyevuma kuliko wote katika bara hili, kuwa liwali wake wa Stanley Falls.

Williams alipanda mto, akaona, akakaa chini kuandika. Barua yake ya wazi kwa Leopold ina tarehe 18 Julai 1890, siku 16 baada ya ule mkataba wa Brussels. Itazame ilivyojengwa. Inamwita mfalme kwa cheo chake na kwa adabu zote. Haimtukani mama yake, maana mama yake hakusaini mkataba wowote. Inataja kwanza kilichoahidiwa, halafu kilichopo. Serikali ya mfalme iliahidi kuwatunza wenyeji. Mwandishi anasema aliona vibanda vitatu vya wafanyakazi wagonjwa, visivyofaa hata kumlaza farasi. Mfalme alisema ardhi aliipata kwa mikataba halali; mwandishi anaeleza jinsi machifu walivyohadaiwa kwa mazingaombwe ya umeme uliofichwa ndani ya koti, mzungu akikupa mkono unatetemeka na kudhani ana nguvu za ajabu. Mfalme alipinga utumwa kwa midomo. Mwandishi anamwambia serikali yake yenyewe inanunua na kuuza watu. Mwishoni haishii kwenye kilio. Inataka iundwe tume ya kimataifa ichunguze mashtaka hayo. Mfalme hawezi kujificha nyuma ya kisingizio kwamba ametukanwa, kwa kuwa hakutukanwa. Amesomewa tu.

Na soma pia kilichompata Williams, ili ujiandae. Magazeti yaliyomtetea Leopold hayakujibu habari ya vibanda. Yalimgeukia mwandishi: cheo cha kanali anachojiita alikipata wapi? Hapo walipata mahali pa kushika, kwa sababu hakuwa na cheo hicho kwa haki. Hitilafu hiyo ndogo ikapewa nafasi kubwa gazetini, na vijiji vilivyochomwa vikakosa nafasi. Kwa hiyo, mwandishi wa Bujumbura, usijiongezee cheo. Usijiite daktari kama hujawa, usiseme uliona kama ulisikia. Ukisikia, andika kwamba umesikia. Williams alifariki Blackpool, Uingereza, mwaka 1891, kijana wa miaka 41, na Leopold aliendelea kuishika Kongo hadi 1908. Lakini waliokuja baadaye kuupinga utawala wa Leopold, wakina Morel na Casement, walitembea katika njia aliyoifungua, na mashtaka aliyoyaandika ndiyo yaliyothibitika. Barua nzuri haina haraka.

Si lazima uwe mwandishi. Wasichana wa Eswatini walitufundisha kwamba unaweza kumdai mfalme kwa kumrudishia kitu. Mwaka 2001 Mfalme Mswati III alirudisha desturi ya umchwasho: mabinti wajiepushe na wanaume kwa miaka 5, wavae vishada vya nyuzi za sufu kama alama, na mwanaume atakayeivunja atoe ng'ombe. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukimwi, na ukimwi kwao ulikuwa janga la kweli. Haikupita miezi mingi mfalme mwenyewe akachukua mchumba wa miaka 17. Wasichana na wanawake mamia kadhaa wakaandamana mpaka kwenye makao ya kifalme, wakavua vile vishada na kuviacha pale chini. Mfalme akatoa ng'ombe mmoja.

Tukae kidogo na huyu ng'ombe, kwa kuwa hapa ndipo wakosoaji wengi hupoteza njia. Wapo wanaosema: amelipa faini, sheria yake imemshika, mwacheni. Mimi nasema ng'ombe alilipia kuvunja kanuni, hakulipia mahubiri. Msichana wa kijijini aliyevaa kishada kwa mwaka mzima alikuwa ametoa kitu ambacho ng'ombe hakirudishi, nacho ni imani kwamba amri ile ilitolewa kwa ajili ya uhai wake. Mtu mwenye zizi lililojaa akitoa ng'ombe mmoja hajahisi lolote. Kwa hiyo, mfalme akileta malipo, yapokee kwa heshima, yaandike, kisha uliza: je, kanuni sasa itamshika na yeye? Katika habari ya Eswatini marufuku yenyewe ilifutwa Agosti 2005, kabla muda wake haujaisha, na mfalme aliendelea kuoa.

Wahispania walikuwa na bahati ya kuwa na kura. Aprili 2012 mfalme wao, Juan Carlos, alivunjika nyonga akiwa Botswana kuwinda tembo, ilhali alikuwa rais wa heshima wa tawi la Hispania la WWF, shirika la kulinda wanyamapori, na nchi yake ilikuwa imezama katika dhiki ya uchumi. Aliomba radhi mbele ya kamera. Wanachama wa shirika walisikia, halafu Julai wakapiga kura na kumwondolea kile cheo cha heshima. Hawakumchapa, hawakumzomea. Walichukua kilicho chao.

Sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii ni kuandika malipo. Daftari lenye madeni tu ni la mwizi. Mfalme au mwanamfalme akitenda alichosema, kata mstari kwa kalamu ileile, na utaje jina lake. Kwetu jina hilo ni Louis Rwagasore. Alikuwa mtoto wa Mwambutsa na angeweza kula urithi wake polepole. Badala yake, mwaka 1957 alikuja Buyenzi na mitaa ya jirani kukaa na wafanyabiashara Waswahili, Waislamu ambao wakubwa wa mji waliwatazama kama wageni, wakaanzisha pamoja ushirika wa biashara. Alihubiri umoja wa Warundi, na mwaka 1959 alioa mwanamke wa Kihutu, Marie-Rose Ntamikevyo. Chama chake cha UPRONA kilipopata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, aliwaambia wananchi kwamba watawahukumu viongozi wao kwa matendo, na kwamba wananchi wakiridhika, hiyo ndiyo itakuwa fahari ya viongozi. Mwanamfalme ndiye aliyefungua daftari kwa mkono wake na kuwakabidhi kalamu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi kwenye Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, na mtu mmoja wa Kigiriki aliyetumwa na mahasimu wake wa kisiasa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Lakini hata Rwagasore asipewe msamaha wa jumla. Ule ushirika uliyumba kifedha mapema, na fedha zilizoyumba zilikuwa za watu wa mitaa hii. Mwenye kumpenda aliseme hilo pia, kwa sauti ileile anayoitumia kumsifu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba apimwe kwa matendo, na anayemfanya mtakatifu asiyeguswa anamkatalia ombi lake. Kila tarehe 13 Oktoba wakubwa wanapanda kilimani kuweka mashada kwenye kaburi lake, mji mzima ukiwa chini yao mpaka ziwani. Ni haki yetu kuuliza, kwa kila anayepanda, kama anakubali kupimwa hivyohivyo.

Imebaki habari ya mdeni aliyekufa. Mwambutsa aliondolewa na mwanawe mwenyewe Julai 1966. Mwana huyo, Ntare V, akaondolewa na Waziri Mkuu wake, Micombero, mwezi Novemba, na aliporudi nchini mwaka 1972 aliuawa Gitega. Baba alifia Uswisi mwaka 1977, akazikwa Meyrin karibu na Geneva. Mwaka 2012, Burundi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, mifupa yake ilifukuliwa ili iletwe nyumbani, ndugu zake wakagawanyika, kesi ikaenda mahakamani, na mahakama za Uswisi zikaamua abaki huko kwa kuwa wosia wake ulisema hataki kurudishwa. Katika hilo neno lake liheshimiwe. Ni mwili wake. Tunachotakiwa kukirudisha nyumbani ni zile karatasi za 1965: matokeo ya kura ya Mei, uteuzi wa Biha, amri ya komini 78, na orodha ya waliouawa kuanzia Oktoba, Wahutu na Watutsi, wenye vyeo na wasio na vyeo. Zichapishwe kwa Kirundi na Kiswahili. Zisomwe katika shule za sekondari za Bujumbura, darasa lilelile linalomsoma Rwagasore, na mwalimu asiruhusiwe kuruka ukurasa.